Siku Niliyonukia Mbege Kanisani

Jumapili ile zamu ya kusoma neno ilikuwa yangu: Luka 18, Farisayo na mtoza ushuru. Nilifanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, na sauti ya Farisayo, nisijisifu, nilikuwa naipatia kweli kweli.

Kwetu Pasua, hapa Moshi, njia ya kanisani inapita kwa mama mmoja muuza mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao cha wazee wa kanisa nikataka sadaka yake irudishwe, kwamba ni hela ya walevi. (Haikurudishwa. Mhazini alisema noti haina harufu.)

Kufika pale, namkuta kijana kalala kifudifudi kando ya mtaro, mkono umezama matopeni hadi begani. Saa moja asubuhi! Nikapaza sauti ili na wa ndani wasikie: "Kijana, ona pombe ilivyokulaza! Inuka, toba bado ipo!"

Akageuza shingo. "Shikamoo mzee. Bomba limepasuka. Hebu nisogezee hiyo spana."

Nikarudi nyuma hatua moja kwa aibu, kumbe nyuma hakuna ardhi. Na mtaro wenyewe ndimo yanamomwagwa machicha ya mbege. Fundi alinivuta kwa mkono uleule wa matope, nikatoka nimeloa hadi tai, masikio yamejaa ulezi.

Mama akaja na ndoo ya maji ya moto. Hakusema neno, afadhali angenisema. Alinimwagia, akanitoa ulezi sikioni kwa ncha ya kanga kama mtoto wa chekechea, kisha akaingia ndani akaniletea suruali ya marehemu mumewe. Marehemu alikuwa mrefu jamani. Niliikunja mara nne.

"Wahi, baba, neno litakupita," akasema. "Na mimi nakuja."

Suruali ilibadilika, harufu ikagoma. Mlangoni mzee mwenzangu akaninusa, akanivuta pembeni, akanong'ona kwa sauti iliyofika hadi kwa wanakwaya: "Mangi, umeanza lini?"

Nikapanda kusoma hivyohivyo. Nilipofika pale Farisayo anaposhukuru kwamba yeye si kama watu wengine, mguu mmoja wa suruali ukakunjuka, ukafunika kiatu. Sauti yangu ya kioo ikapotea yote.

Nilipomaliza, aliyeitikia amina ni mama wa mbege peke yake. Wengine walikuwa bado wananusa.