Laptopu Inapiga Kila Kitu, Mzee

Zamani mtoto akitaka mpira unatafuta soksi kuukuu, mifuko ya rambo na kamba ya katani, nusu saa haijaisha mtaa mzima uko uwanjani. Siku hizi hata rambo zenyewe zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mtoto akikwambia "baba nataka mpira" anamaanisha EA Sports FC 24, gemu la mpira la kwenye kompyuta. Huo mpira, kabla haujadunda hata mara moja, unakuuliza una prosesa gani, yaani ubongo wa kompyuta.

Kijana wangu yuko darasa la sita. Laptopu yake ilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba wa mama yake, na maneno "kwa ajili ya masomo" yalitamkwa mbele ya mashahidi. Muuzaji aliipangusa kwa pindo la shati akasema, "Mzee, hii inapiga kila kitu." Hakudanganya. Ukiiwasha inapiga miayo. Ukifungua vitu viwili kwa pamoja inapiga usingizi.

Sasa bwana mdogo kaja na habari kwamba kuna namna ya kupima kama mashine inaweza gemu au haiwezi. Nikajua labda tunaipeleka kwa fundi. Wapi! Kabonyeza kile kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, kikafunguka kidirisha, akaandika dxdiag, kikaja cheti kizima cha ugonjwa. Prosesa: Celeron N4020. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi: megabaiti 4096, yaani giga 4. Akahamia ukurasa wa pili, upande wa skrini, panapoandikwa kifaa cha kuchora picha: Intel UHD Graphics 600. Anasoma kwa sauti ya daktari aliyekwishaona majibu ila anasubiri ndugu wakae chini kwanza.

"Baba, hiyo 600 ni nyingi?"

Nikamwambia mwanangu, 600 siyo haba.

Akafungua mahitaji ya gemu. Sasa sikilizeni dharau. Wanaandika "mahitaji ya chini", yaani hiki ndicho kiwango cha maskini, na maskini wao anatakiwa awe na prosesa ya Core i5-6600K, RAM giga 8, kadi ya picha GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu yake binafsi ya giga 4, na nafasi ya giga 100. Rudieni hapo kwenye kadi. Kadi peke yake ina kumbukumbu sawa na laptopu yetu nzima! Kuna na orodha ya pili, ya "yanayopendekezwa". Hiyo nilikataa kuiangalia, nina presha.

Nikataka kujua tofauti iko wapi hasa, maana Celeron nayo ni prosesa, imetoka kiwandani kama wenzake. Kumbe ile N4020 yetu ina viini viwili tu vya kufanyia kazi (core), kasi yake ya kawaida ni gigahezi 1.1, na imeundwa kutumia wati 6. Taa ya chooni kwangu ni wati 9. Ile kadi wanayoitaka wao, 1050 Ti, inakula wati 75 ikiwa peke yake, kabla hujahesabu kitu kingine. Ndiyo maana laptopu yetu haina hata feni: itapoza nini? Sikuumia sana, nikasema angalau kwenye Luku tuko salama. Ni mashine ya kuandika barua na kuangalia video za hesabu, na kwa kazi hiyo haina kosa. Kosa ni la aliyesema kila kitu.

Kijana hakati tamaa. "Baba, si tunaongeza RAM?" Imechomelewa kwenye bodi. "Si tunaweka kadi?" Tuiweke wapi, kwenye tundu la flashi? "Basi tupakue tu tuone." Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Diski ya laptopu yote ni giga 64. Windows imeshakaa, masasisho yake yamekaa, na kila wiki yanakuja mengine na mizigo yao kama wageni wa msiba. Gemu la giga 100 utalilaza wapi? Na hata nafasi ingekuwepo, kwa bando la giga 2 kwa siku ni siku 50 za kupakua, nyumba nzima isiguse WhatsApp. Mama yake asiguse WhatsApp siku 50! Kikoba kitaendeshwaje?

Tukahamia kwenye umri wetu. Kuna gemu la mpira linaitwa PES 2013, lilitoka mwaka 2012, linaomba RAM ya giga 1, nafasi ya giga 8 na Pentium ya enzi za mababu. Likaingia, tukashusha ubora wa picha mpaka chini kabisa, na likacheza. Nyasi zinafanana na zulia, mashabiki wamesimama kama mabango, lakini mpira unaenda unakopigwa.

Tatizo jipya likawa ni historia ya mpira. Kijana anatafuta Liverpool haioni. Gemu hilo halikuwa na leseni ya timu nyingi za Uingereza, kwa hiyo Liverpool yangu imeandikwa Merseyside Red. Ronaldo yuko Real Madrid. "Baba, Salah yuko wapi?" Salah mwaka huo ndio kwanza amefika Basel, Uswisi, nani anamjua. "Sasa huyu Gerrard ni nani?"

Huyu Gerrard, nahodha wetu wa Liverpool enzi hizo, ni nani! Nimelisha, nimesomesha, nimelipa nauli ya daladala, naulizwa Gerrard ni nani sebuleni kwangu. Nikamwambia sogea, lete pedi ya kuchezea gemu, nikuonyeshe.

Mama yake alitoka jikoni kuangalia kelele ni za nini. Akatukuta dakika ya 80, Merseyside Red tunaongoza mawili bila, mimi nimesimama, kijana kakaa. Akauliza ile kazi ya Kiingereza imeisha? Kijana akaninyooshea mimi kidole.