Seva ya video nyumbani: hesabu iko kwenye bando

Mkazi wa Ujiji akishauriwa kuweka seva ya video nyumbani, yaani kompyuta inayohifadhi video na kuzirusha kwenye runinga na simu za humo ndani, badala ya kulipia Netflix, huuliza kompyuta hiyo itarudisha lini pesa yake. Anapima bei ya mashine kwa ada ya mwezi. Kwa mwenye bando la simu, ada ndiyo gharama ndogo. Kubwa ni GB.

Netflix yenyewe hukadiria hadi GB 3 kwa saa kwa picha ya HD. Katuni ya dakika 90 ni GB 4.5, na mtoto haitazami mara moja. Anairudia mpaka anayajua maneno yote. Mara 20 ni GB 90, kwa picha zilezile! Katuni kama hiyo uliyoinunua, ikitoka kwenye seva ya sebuleni, inapita kwenye ruta tu na bando haliguswi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikasuasua nchini, video iliyo ndani ya nyumba isingekwama. Ni kweli, programu ya Netflix ya simu inaruhusu kupakua mapema, lakini mafaili hayo yana muda wa kuisha.

Kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika inatosha: Core i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8, diski ya TB 4, na Jellyfin, programu ya bure ya kupanga na kurusha video. Video ya megabiti 8 kwa sekunde hula GB 3.6 kwa saa, hivyo diski inabeba zaidi ya saa 1,000. Ikivuta wati 15 usiku na mchana, ni kama uniti 11 za LUKU kwa mwezi.

Wengi hukwamia kwenye ubadilishaji. Runinga isiyosoma HEVC (muundo wa kubana video) huilazimisha seva kuigeuza video papo hapo, na manukuu ya PGS, ambayo ni picha badala ya maandishi, mara nyingi huleta shida hiyohiyo. Hifadhi kwa H.264, muundo unaosomwa na runinga nyingi, manukuu yawe SRT, yaani maandishi matupu. Umeme ukikatika diski ikiandika, mafaili yanaweza kuharibika, kwa hiyo nunua UPS (betri ya akiba), na ruta nayo ichomekwe humo. Nakala ya pili ya video za harusi na kipaimara ikae kwenye diski nyingine, nyumba nyingine.

Upande wa Netflix una hoja nzito: filamu mpya, ambazo seva haikuletei yenyewe. Muvi za kuwekewa kwenye flash kibandani hazigeuki halali kwa kuhamia Jellyfin. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko palepale. Seva inafaa video zako, kwaya na filamu ulizonunua. Mwenye faiba isiyo na kikomo abaki na usajili wake, kwani hesabu yangu ya bando haimhusu.

Ukiwa Tabora na seva iko Kigoma, mtandao wa simu kwa kawaida hautakuruhusu kuifikia moja kwa moja, maana wateja wengi hutumia anwani moja ya IP. Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti, hupenya hapo, ila bando litakatwa pande zote mbili.