Fungueni Picha, Warumi Wataonekana

Ninaposoma taarifa ya akiolojia, kabla ya sanamu na sarafu hutafuta kwanza jambo moja: mahali penyewe palijulikanaje? Kwa magofu ya Kirumi, jibu mara nyingi ni picha iliyopigwa kutoka angani. Ndiyo maana nashikilia kwamba picha hizo ziwe mikononi mwa kila mtu, bure.

Tazama Syria. Katika miaka ya 1920 na 1930, padri Mfaransa Antoine Poidebard alizunguka kwa ndege juu ya jangwa akipiga picha. Mwaka 1934 alichapisha ramani yenye ngome 116, na kwa maelezo yake zilikuwa ukuta wa ulinzi wa Dola ya Kirumi dhidi ya maadui wa mashariki. Wataalamu waliendelea kubishana naye kwa miongo mingi. Mwaka 2023 Jesse Casana wa Chuo cha Dartmouth na wenzake walitoa matokeo ya kupekua picha za setilaiti za Corona na Hexagon, zilizopigwa na majasusi wa Marekani enzi za Vita Baridi na baadaye kuondolewa usiri. Wakakuta ngome nyingine 396, Syria na Iraq. Tena hazikujipanga kaskazini hadi kusini kama ukuta; zimetapakaa toka mashariki kwenda magharibi, jambo linaloelekea zaidi kwenye misafara ya biashara na wasafiri waliohitaji ulinzi njiani. Nyingi kati ya ngome hizo leo hazipo tena, zimemezwa na mashamba na miji. Fikiria kama picha zile zingebaki kabatini!

Uingereza nako, shamba lenyewe husema. Mmea uliosimama juu ya ukuta uliofukiwa hukosa udongo wa kutosha, hivyo hunyauka mapema. Ulio juu ya mtaro wa kale hupata unyevu, ukarefuka na kubaki kijani. Wakati wa ukame tofauti hiyo huchora vyumba na barabara, zikaonekana wazi kutoka juu. Mwaka 2020, huko Rutland, mtoto wa mwenye shamba aliona vigae visivyo vya kawaida kwenye ngano. Akafungua picha za setilaiti, akaona alama ya jengo. Chini yake kulikuwa na jumba la Kirumi, na sakafu ya mozaiki ya mita 11 kwa karibu 7 (picha ya vijiwe vya rangi) inayoonyesha Achilles akipigana na Hector, mashujaa wa hadithi za Kigiriki. Hakuwa mwanaakiolojia, ila alikuwa na picha ya kutazama.

Ndiyo maana uamuzi wa Shirika la Mazingira la Uingereza, mwaka 2015, wa kutoa bure vipimo vyake vya ardhi vya leza, vinavyochukuliwa kwa ndege, nauona mkubwa kuliko uchimbaji wowote wa mwaka ule. Watu wa kawaida wamevitumia kufuatilia barabara za Kirumi wakiwa nyumbani.

Wapo wanaosema tukifungua kila kitu tunawaelekeza wezi wenye vitambua-metali. Hofu hiyo ni ya kweli, na mimi pia huumia nikisoma kuhusu mashimo ya usiku. Lakini wezi hawasubiri ruhusa ya serikali. Kule Rutland familia ilitoa taarifa kwa mamlaka, wataalamu wakachimba kimya kimya, na umma ukaambiwa Novemba 2021, eneo likiwa tayari chini ya ulinzi wa sheria. Picha zifunguliwe, na mahali panapogunduliwa pafunikwe kwa ukimya hadi sheria ipalinde.