Kubwa kidogo tu

Atakayeniuliza tena kama hii trekta ni ileile niliyoipaka rangi, wallahi nitamkanyaga nayo. Nasema mapema, kabla hata ya chai, na leo chai yenyewe ni ya mkavu kwa sababu muuza mahamri hanikopeshi tena. Ananidai karai. Hilo la karai ntalifikia. Lakini hata yeye, na hasira zake zote, amesimama nje ya geti akaniuliza, "Babu, hii si ileile?"

Si ileile! Ile injini yake ilikuwa ya nguvu za farasi 18, hii ni farasi 25. Farasi 7 wazima wameongezeka hapa Mtongwe na hakuna hata mmoja aliyesikia kwato.

Bei siitaji. Mama watoto anasoma.

Na msidhani ni tamaa. Slasha, ile mashine ya kufyeka nyasi inayofungwa nyuma ya trekta, inataka kama farasi watano kwa kila futi ya upana, slasha yangu ni ya futi 4, na hao 18 ni wa kwenye injini. Wanaofika nyuma kwenye shafti ya kuizungusha wamepungua njiani kama mshahara. Nyasi za baada ya mvua ya mwaka ikizigusa ilikuwa inakohoa kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Siku nilipoifunga gogo la mnazi, ikainua magurudumu ya mbele. Mimi, karani mstaafu wa bandarini, mtu wa kanzu na bakora, nikaning'inia hewani mbele ya kadamnasi kama mtoto kwenye bembea za Idi. Kuna kijana alipiga picha. Simsemi.

Basi nikauza ile ndogo, nikaenda yadi wanakouza trekta, nikachukua hii. Maandishi yote kwenye dashibodi ni ya Kijapani, swichi ya taa nimeijua kwa kubahatisha. Ikaletwa juu ya lori kwa barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka bila kupanda feri, maana foleni ya feri ya Likoni mnaijua.

Sasa geti.

Geti hili alilijenga marehemu baba kwa ajili ya mkokoteni wa punda. Nguzo mbili za mawe ya matumbawe na chokaa, na punda hakuwahi kulalamika. Upana wake ni futi 4 na inchi 8. Trekta, nikaipima kwa futi kamba mara tatu, ni futi 4 na inchi 10. Mwenye yadi aliniambia, "Ni kubwa kidogo tu, mzee wangu." Hakusema uongo. Inchi 2.

Baraza zima likahamia getini na vikombe vyao vya kahawa. Wa kwanza kijana wa bodaboda: "Toeni upepo magurudumu." Nikamwambia mwanangu, hiyo ni dawa ya lori lililokwama chini ya daraja, gari likashuka. Mimi shida yangu ni mapana. Gurudumu likikosa upepo linatoka kitambi ubavuni. Nikageuka kupokea simu. Niliporudi walikuwa wameshatoa. Ikawa inchi 3.

Ami yangu akasema ivunjwe nguzo moja. Bibi jirani akasema mvunje muone, chini ya ile ya kulia baba yake alifukia kitu. Kitu gani? Hajui, lakini alimwona na jembe usiku. Basi kila aliyeshika nyundo akakumbuka ana swala.

Akaja fundi. Fundi wa kweli, nampa haki yake, alitazama bila kusema mpaka kahawa ikaisha. Akasema rimu za nyuma zimeundwa zikiwa zimebonyea upande mmoja. Ukizigeuza, magurudumu yanaingia ndani na trekta inapungua kiuno. Nikafurahi. Nililipa nusu. Akapiga jeki, akageuza la kushoto palepale kushoto, la kulia palepale kulia, akajipangusa mikono.

Ami akaweka kikombe chini. "Yakhe, mbona imevaa makubadhi nyuma mbele?"

Kweli. Zile kucha za gurudumu zimekaa kama V, na ncha ya V ndiyo inayotangulia kukanyaga udongo ili tope litupwe pembeni. Zangu sasa zilikuwa zinatangulia kwa visigino. Ilikuwa la kushoto lije kulia na la kulia liende kushoto. Fundi akasema alikuwa anajua, alikuwa anajaribu tu. Anajaribu nini? Akafungua upya. Na gurudumu lile, jamani, watu wanne hawalibebi; wakalisimamisha, mmoja akapiga chafya, likaondoka. Likateremka njiani taratibu, kwa heshima kabisa, likampita mbuzi, likampita mtoto wa madrasa, likaenda kulala juu ya karai la mahamri.

Mafuta yalikuwa bado baridi, alhamdulillahi. Karai likawa sahani.

Magharibi ikiadhiniwa trekta ilipita getini, nafasi ya vidole viwili kila upande. Watu wakapiga makofi. Nikainua bakora kidogo, kama gavana.

Ndipo fundi ananiambia, pole pole, kwamba sasa tuyarudishe magurudumu yalivyokuwa, maana trekta ikibanwa kiuno hukosa mizani, na shamba langu lina mteremko, itanilalia ubavu. Sawa, rudisha. Akarudisha. Nikamuuliza, na siku ya kutoka?

"Kutoka ni bei nyingine, mzee."

Kwa hiyo ninayo trekta ya farasi 25 iliyofungwa ndani ya ekari 2, kama ng'ombe wa aqiqa. Jirani anataka kulimiwa Jumamosi. Nje ya geti! Nimemwambia alete shamba lake.

Na hilo karai, tusemezane ukweli, lilikuwa limezibwa tundu kwa risasi tangu Ramadhani. Nimekula mahamri hapo miaka mingapi, mimi nisijue? Ananitajia bei ya karai jipya, la namba kubwa.

Namba kubwa kidogo tu, ati.