Kwotabeki Hapatikani, Tunaoumia ni Sisi

Jamani, mimi nimekulia Tanga. Mpira ninaoujua ni wa duara na unapigwa kwa mguu. Lakini riziki imenitupa huku Cleveland, Ohio, kwenye ghala la maboksi, chini ya bosi wa zamu ambaye ni mnazi wa kufa na kuzikana wa Cleveland Browns, timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa na kurushwa kwa mkono. Browns wakifungwa Jumapili, Jumatatu cha moto tunakiona sisi. Hata chooni unaenda kwa kuomba ruhusa. Na Browns, wallahi, kwa kufungwa hawana mpinzani.

Tatizo lao ni kwotabeki. Huyo ndiye anayepokea mpira mchezo unapoanza, anapiga jicho huku na kule, halafu anaurusha kwa mwenzake aliyechomoka mbele. Asipoweza yeye, waliobaki hata wawe simba ni kazi bure. Sasa timu hii mmiliki wake aliihamishia mji wa Baltimore, ikafufuliwa 1999, na tangu ifufuliwe imeanzisha mechi kwa makwotabeki zaidi ya 40! Kuna ofisi moja katikati ya mji iliweka dirishani jezi namba 2 ya Tim Couch, yule kwotabeki wao wa 1999. Kila alipokuja mwingine, wakaandika jina lake kwenye kipande cha tepu, wakabandika chini ya aliyetangulia. Couch, Detmer, Pederson, Wynn, Holcomb... orodha ikashuka mgongo mzima kama majina ya wadaiwa kwenye duka la Mpemba.

Na si kwamba hawapewi nafasi. Wenzetu hawa wana kitu kinaitwa drafti: vijana wa vyuo wanagawanywa kwa timu, na aliyeshika mkia ndiye anachagua kwanza. Kwetu aliyeshika mkia anashuka daraja, huku anapewa zawadi! Basi Browns wamechukua kwotabeki kwa nafasi ya 22 mara tatu: Brady Quinn 2007, Brandon Weeden 2012, Johnny Manziel 2014. Wote watatu chali. Ingekuwa kwetu, baada ya wa pili tu kamati ya ufundi ingeshaingia kazini, na hiyo 22 ingefukiwa golini usiku wa manane.

Huyo Weeden alikuwa na miaka 28, hakuna aliyewahi kuchaguliwa raundi ya kwanza ya drafti akiwa mkubwa hivyo. Siku ya mechi yake ya kwanza wakatandaza bendera ya Marekani kubwa kama uwanja wenyewe, kumbe kijana yuko chini yake anapasha misuli. Akabaki humo anatafuta pa kutokea, watu wanaangalia. Alipotoka akacheza, akawarushia wapinzani mpira mara nne.

2017 walicheza mechi 16, wakafungwa 16. Mashabiki wakafanya maandamano ya kuuzunguka uwanja, kwenye baridi ambayo mimi hata takataka sikutoka kutupa. Mwaka uliofuata akaja Baker Mayfield, chaguo la kwanza kabisa. Mechi yake ya kwanza aliingia timu iko nyuma 14 kwa 0, akaipindua. Mji ulikuwa na majokofu ya bia yaliyofungwa yakisubiri siku Browns watakaposhinda, yakafunguka. Mimi siinywi, ila bosi alikuja kazini anaimba, nikaomba ruhusa ya Ijumaa nikapewa bila swali. Januari 2021 Mayfield akawapiga Steelers 48 kwa 37 kwenye mtoano, tena kwao Pittsburgh. Mtu kama huyo si unamkumbatia? Wao wakampa mkono wa kwaheri.

Machi 2022 wakamleta kwotabeki Deshaun Watson kutoka timu ya Houston. Wakaipa Houston nafasi zao tatu za raundi ya kwanza ya drafti, na Watson mkataba wa dola milioni 230 kwa miaka mitano. Wanawake zaidi ya 20 walikuwa wamemfungulia madai ya udhalilishaji wa kingono, naye akakana. Hilo si la kuchekea, nalipita. Kinachoninyima usingizi mimi ni kwamba zile 230 zote ni za dhamana. Acheze, asicheze, hela iko palepale. Akafungiwa mechi 11, akaumia bega, akakatika kano ya kisigino, kisha ikakatika tena. Misimu mitatu, mechi 19. Nilikaa na simu nikapiga hesabu: kwa siku ni zaidi ya dola 126,000. Mimi nikichelewa robo saa kwa sababu basi limezama kwenye theluji, wanakata.

Nikamwambia mke wangu, "Mama Zuhura, na mimi natafuta mkataba wa dhamana."

Akajibu bila kugeuka kutoka jikoni, "Baba Zuhura, wa kwako ulisaini mbele ya shehe. Lete unga."

Cha ajabu, 2023 aliyewaokoa alikuwa Joe Flacco, kwotabeki wa miaka 38 aliyekuwa amekaa kwake nyumbani na wanawe. Walimpigia simu Novemba, akashinda mechi nne kati ya tano, wakaingia mtoano. Huko nani akawatoa, 45 kwa 14? Houston! Walewale waliopelekewa zile nafasi tatu.

Msimu wa 2025 ndio nilichanganyikiwa kabisa. Walimrudisha Flacco, wakachukua makwotabeki vijana wawili kwenye drafti moja, Dillon Gabriel na Shedeur Sanders. Flacco alianza, akawekwa benchi. Gabriel akaanzia London, kwenye uwanja wa Tottenham, akafungwa. Siku mbili baadaye Flacco akauzwa Cincinnati, majirani na mahasimu wa humuhumu Ohio. Gabriel alipoumia, Sanders akapewa usukani, akashinda mechi aliyoanza kwa mara ya kwanza, na bosi akatuletea donati.

Juzi kanivuta pembeni, karibu na mashine ya kufungia maboksi. Anauliza kwetu Afrika hakuna kijana mwenye mkono wa kurusha.

Nikamwambia wapo wengi, kila msimu wa maembe mchana kutwa wanarusha mawe, na hawakosi.

Akatoa kalamu, anataka majina.