Laini moja Aachen, laini tatu Jasini

Mji ninaoishi, Aachen, uko pembeni kabisa mwa Ujerumani. Basi la mjini linakufikisha Vaals, Uholanzi, kabla hujamaliza kusikiliza sauti uliyotumiwa WhatsApp. Pale juu ya kilima cha Vaalserberg nchi tatu zinagusana, na watu hupanda kupiga picha mguu mmoja Ujerumani, mwingine Ubelgiji. Simu inatetema, ujumbe wa kukukaribisha unaingia, basi. Bando ni lile lile na salio halipungui zaidi ya kawaida.

Kwetu ni Jasini, wilaya ya Mkinga, Tanga. Ukivuka mpaka unaingia Vanga, Kenya, na Kidigo ni kile kile pande zote mbili. Shangazi yangu anauza samaki huku na huko, na ana laini tatu: mbili za Tanzania na moja ya Kenya. Akisahau kuzima romingi, yaani laini kutumia mtandao wa nchi nyingine, simu inashika mnara wa Kenya yeye akiwa amekaa barazani kwake, na vocha ya asubuhi inayeyuka kabla ya adhuhuri.

Sisi wa huku tukikutana, habari kama hii huishia kwenye wimbo ule ule: "Wenzetu wameendelea bwana." Kwa hili mimi sikubali. Septemba 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja wa Tanzania akiwa Kampala alipokea simu bila kukatwa salio, alipiga kwa bei ya wenyeji na aliongeza vocha ya pale pale dukani. Washindani waliona hatari, nao Safaricom, Vodacom ya Tanzania na MTN ya Uganda wakashikana mikono wakatoa huduma ya namna hiyo. Sasa tazama Ulaya ya wakati huo: sheria yao ya kwanza ya romingi, ya 2007, ilishangiliwa kwa sababu ilishusha gharama ya kupokea simu ukiwa nchi nyingine hadi senti 24 za euro kwa dakika. Kupokea tu! Sisi tulikuwa tunapokea bure.

Kwa hiyo hawakutushinda kwa mitambo. Mitambo ni ile ile. Laini yako ina namba ndani yake inayoanza na tarakimu za nchi, 640 kwa Tanzania, 639 kwa Kenya, 262 kwa Ujerumani. Ukivuka, mnara wa ugenini unaisoma, unauliza mtandao wa kwenu, "Huyu ni wenu? Nimhudumie?", na jibu linarudi kwa sekunde chache. Data yako kwa kawaida inarudishwa kwanza nyumbani ndipo itoke kwenda intaneti, ndiyo maana nikiwa Brussels bado naletewa matangazo ya Kijerumani. Baadaye mtandao wa ugenini unapeleka mafaili ya hesabu: mteja wenu katumia kiasi hiki, tunawadai kiasi hiki.

Ugomvi wote uko kwenye hiyo "tunawadai". Ni bei ya jumla, kampuni kwa kampuni, ambayo mteja haioni. Ulaya waliiwekea dari kisheria, kiwango kisichoruhusiwa kuvukwa. Romingi bila nyongeza ilipoanza tarehe 15 Juni 2017, dari ilikuwa euro 7.70 kwa gigabaiti; imekuwa ikishushwa ngazi kwa ngazi, na kwa 2027 imepangwa iwe euro 1. Wala hawakufika hapo kwa upendo. Nchi za pwani zinazojaa watalii kiangazi zilitaka bei ya jumla ibaki juu, maana minara yao ndiyo inayobeba mzigo. Nchi zinazotoa watalii zilitaka ishuke. Walivutana miaka kumi.

Na nje ya ule uzio wao bado unaliwa. Nilienda Basel kumtembelea rafiki, nikasahau kwamba Uswisi haimo kwenye sheria hiyo ya romingi. Kampuni yangu ikanikata euro 59 na senti kwa safari ya siku moja, na ingekata zaidi kama sheria isingeilazimisha kufunga data ikifika euro 50 kabla ya kodi. Nilipiga simu kulalamika, nikajibiwa kwa adabu nyingi na bila senti moja.

Afrika Mashariki tulijaribu tena kuanzia 2014, safari hii serikali zikiwa mbele: Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuwa eneo moja la mtandao. Ziliondoa tozo kwenye simu zinazoingia kutoka kwa wenzao, kupokea kukawa bure, kupiga kukawekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika. Tanzania na Burundi hazikuwemo mwanzoni. Na makubaliano yalianzia kwenye sauti, wakati shangazi anatuma picha za changu na tasi kwa wateja wa Vanga tangu alfajiri. Anachohitaji ni data. Laiti yule aliyekaa na kalamu angeshinda wiki moja pale mpakani Horohoro.

Kuna ushirikiano mmoja tu ninaoujua uliopita mipaka bila kelele. Mpwa wangu anasoma Nairobi. Alipokuja huku, tulipita karibu na chuo kikuu cha Aachen simu yake ikaingia Wi-Fi yenyewe, mimi mkazi nikiwa nje nimeduwaa. Hiyo ni eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, iliyoanzia Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Seva ya chuo cha hapa inapeleka swali hadi seva ya chuo chake Kenya, inathibitisha, mlango unafunguka. Vyuo havidaiani: leo namhudumia wako, kesho utamhudumia wangu. Kampuni za simu haziwezi kufanya hivyo bure, naelewa, minara inakula dizeli. Lakini dari ya bei ya jumla kwa data, kwa nchi zote za jumuiya, haihitaji mtambo mpya hata mmoja.

Nilimweleza shangazi haya yote kwa simu, kwa laini yake ya pili, ile inayoshika vizuri jioni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hata romingi ikiwa bure laini ya Kenya haitupi, kwa sababu wateja wa Vanga wanamlipa kwa M-Pesa ya huko. Kisha akaniagiza simu ya laini tatu, "hiyo ya Ulaya, isiyokufa." Nimezunguka maduka ya Aachen, hakuna, muuzaji mmoja aliniuliza laini tatu ni za nini. Nitamnunulia Kariakoo nikishuka.