Masta ya kompyuta na mradi wa chanzo huria: kwa nini uanzie sifuri?

Kila msimu wa propozo hapa Dar ni yale yale, mtu kaambiwa na supavaiza atafute mradi wa huduma za wavuti, anakuja mbio kuuliza "sasa nitengeneze nini?" na baada ya hapo utasikia anajenga mfumo wa matokeo ya wanafunzi, au wa kuweka miadi hospitali, ambao difensi ikipita tu unalala kwenye laptopu mpaka laptopu yenyewe ife. Mi naona swali lenyewe ndo limekaa vibaya. Uliza kitu gani tayari kinatumika na kinawasumbua watu wapi.

Na vitu hivyo tunavyo, tena vya chanzo huria, yaani msimbo wake yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. DHIS2, ule mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, ndo wizara yetu ya afya inautumia kupokea ripoti za vituo, na watu wa Mlimani wameufanyia kazi miaka mingi tu. Msimbo uko wazi, leseni yake BSD (inakuruhusu kuutumia na kuubadilisha), na karibu kila kitu unakipata kwa API ya REST, yaani mlango wa programu kuomba data kwa anwani ya wavuti. Sasa angalia jambo dogo hili: ukiiomba orodha ya vituo kawaida inakupa 50 kwa ukurasa, lakini mtu anayejenga programu ya simu anaona uvivu kufungua kurasa, anabandika paging=false (usigawe kurasa) na fields=* (nipe taarifa zote za kila kituo), halafu anashangaa simu ya nesi imeganda, kumbe jibu limekuja zigo zima na yeye alihitaji majina tu. Hapo masta ipo kabisa! Pima ukubwa wa jibu na muda wake kwenye mtandao dhaifu, jaribu kuhifadhi sehemu ya data kwenye simu, linganisha, andika. Msimbo peke yake sio tasnifu ndugu yangu, vipimo ndo tasnifu.

Kama mambo ya afya hayakukamati, kuna OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia. Mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakaingia mitaani kuchora Dar kwa sababu ya mafuriko, mpaka mifereji imo, na kwa Overpass API, huduma ya kuchota kipande tu cha data ya ramani hiyo, unaweza kuvuta mifereji ya Tandale peke yake bila kubeba Tanzania nzima. Swali la utafiti hapo halikosekani, mfano data hiyo imechakaa kiasi gani na huduma inayoitegemea itajuaje.

Najua kuna wasimamizi wataguna, "hiki si kipya, wewe umefanya nini hapa?" Mjibu kwa swali lako la utafiti, sio kwa idadi ya skrini ulizotengeneza.

Ila chunga kitu kimoja, usiandike kwenye propozo kwamba marekebisho yako yatapokelewa kwenye mradi mkuu. Wale wenye mradi wana ratiba zao, wanaweza kukaa nayo muda mrefu au wakaikataa kwa sababu za maana kabisa, na chuo hakitakuongezea muda eti unasubiri jibu la Oslo. Fanyia kwenye nakala yako, pima humo, wakipokea baadaye itakuwa bonasi. Na vile vifurushi vya Docker (programu zilizofungashwa tayari, za kuwashia seva yako ya majaribio) vivute ukiwa kwenye waifai ya chuo, maana bando litakwisha kabla seva haijawaka.